Sumaku ya kichwani na mgonjwa wa sonona: yasemwe kwanza yanayofichwa

 Ndugu msomaji, Ijumaa hii tunakuomba utufuate hadi Karatu, katika nchi ya miinuko inayopanda kuelekea Ngorongoro, kwani huko ndiko tulikokutana na swali ambalo tumerudi nalo nyumbani, na ambalo tunaamini linazihusu nyumba nyingi kuliko zinavyokubali kusema.

Tulikuwa tumekwisha kuswali Ijumaa mjini hapo. Nje ya msikiti alitusogelea mzee mmoja, mkulima wa vitunguu kutoka bonde la Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi. Alitoa salamu, akauliza habari za safari, akauliza za nyumbani, akanyamaza kidogo kama afanyavyo mtu mwenye jambo zito, kisha akasema: "Masheikh zangu, nasikia ipo mashine ya sumaku. Anawekewa mtu kichwani, na huzuni inamtoka. Nina binti yangu. Je, mashine hiyo ni salama? Na dini inaikubali?"

Binti huyo ana umri wa miaka 23. Mwaka juzi alimzika mwanawe wa kwanza akiwa na siku chache tu. Watu walikuja, wakamliwaza, wakamwambia asubiri, naye akasubiri. Miezi ikapita, majirani wakasahau, lakini yeye hakurudi. Halali usiku, chakula kinamshinda, shambani haendi, na anapokaa juu ya mswala baada ya swala hukaa hapo mpaka aje mtu amwinue. Mumewe amemrudisha kwa wazazi "mpaka apone". Mjomba wake anayeishi Nairobi ndiye aliyeleta habari za mashine, na baba alikuwa amekwisha kuamua kwamba fedha za vitunguu vya msimu ule zingekuwa nauli na ada ya matibabu.

Tulikwenda nyumbani kwao. Tulikaribishwa chai, na katika mazungumzo, shangazi wa binti, mwanamke mwenye sauti na heshima katika ukoo, alitamka jambo ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Alimwambia ndugu yake: "Mkifika huko kwa madaktari, habari za kuanguka msizitaje. Mtamharibia mtoto." Kwani binti huyu, ndugu msomaji, aliwahi kuanguka. Mara ya kwanza akiwa na miaka mitano, wakati wa homa kali ya malaria, wakasema ni degedege. Mara ya pili akiwa na miaka 14, bila homa yoyote, akiwa kisimani na ndoo. Hakuna aliyeambiwa nje ya nyumba ile, hata mume.

Tutarejea kwa shangazi. Kwanza tuieleze mashine yenyewe, kwa kuwa hofu nyingi na matumaini mengi tuliyoyasikia Karatu yanahusu kitu ambacho sicho.

Watu wengi wanapousikia umeme na ubongo katika sentensi moja hukumbuka "kupigwa shoti", yaani ile tiba iliyoanzia Roma mwaka 1938, ambayo mkondo wa umeme hupitishwa kichwani ili kumletea mgonjwa mshtuko wa kifafa kwa makusudi. Tiba hiyo ingali hai. Siku hizi hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa na misuli yake imelegezwa, na kwa mgonjwa wa sonona kali, aliyeacha kula au anayetaka kujiangamiza, huokoa maisha, ingawa huweza kuivuruga kumbukumbu. Mashine ya sumaku ni kitu kingine. Ilibuniwa na Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, mwanzoni kwa ajili ya kuchunguza mishipa ya fahamu. Mgonjwa hukaa kitini akiwa macho, hachomwi sindano wala halazwi usingizi. Koili ya waya iliyofunikwa huwekwa juu ya kichwa, kwa kawaida upande wa mbele kushoto. Umeme hupita katika koili kwa nukta fupi mno na kuzaa sumaku, ambayo nguvu yake kwa kitambo hicho hukaribia ile ya mashine kubwa za MRI za kupigia picha. Sumaku hiyo hupenya ngozi na mfupa bila kuvijeruhi, na inapofika kwenye tabaka la juu la ubongo, sentimeta mbili au tatu hivi chini ya ngozi, huamsha humo mkondo mdogo wa umeme, na chembe za ubongo zilizokuwa zimezorota husisimka.

Kipimo cha nguvu hakikisiwi. Mtaalamu huanza kwa kuielekeza koili sehemu ya ubongo inayoongoza mkono, akiongeza nguvu kidogo kidogo mpaka kidole gumba cha mgonjwa kiruke chenyewe. Hapo ndipo anapojua ubongo wa mtu huyu unaitika kwa kiasi gani, na dozi yake hupangwa kutokana na kiasi hicho. Ndiyo maana dozi ya jirani haiwi dozi yako. Kikao cha namna ya zamani huchukua dakika 37, siku tano kwa juma, kwa majuma manne hadi sita. Mwaka 2018 madaktari wa Kanada walichapisha matokeo ya wagonjwa 414 waliogawanywa makundi mawili, moja likipewa kikao hicho kirefu na jingine kikao kipya cha dakika tatu tu. Waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 47 katika kundi la kwanza na asilimia 49 katika la pili. Basi si muujiza. Ni tiba inayowasaidia karibu nusu ya watu ambao dawa zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, na nusu nyingine hubaki kama walivyokuja au hupata nafuu ndogo. Anayemwambia mzee wa Mang'ola kwamba huzuni "inatoka" anamuuzia zaidi ya kilichomo dukani.

Sasa usalama. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu mashine ya kwanza ya aina hii kutibu sonona mwaka 2008, na taasisi ya Uingereza inayoangalia ubora wa tiba, NICE, mwaka 2015 ilisema haikuona tatizo kubwa la usalama. Madhara ya kawaida ni kuumwa kichwa, ngozi ya kichwa kuuma pale koili inapogonga, na misuli ya uso kurukaruka. Mengi hupungua baada ya juma la kwanza. Koili hutoa mlio mkali wa kugongagonga, kwa hiyo mgonjwa na mhudumu wote huziba masikio, na asiyezibwa masikio adai azibwe. Mara chache, mtu mwenye ule ugonjwa wa akili unaompandisha mtu kwenye furaha na kasi isiyo na mipaka, kisha kumshusha kwenye huzuni, huweza kurushwa upande wa pili. Hakuna ushahidi kwamba mashine hii hufuta kumbukumbu. Kwa wale tuliokulia katika zama za kuogopa kila kitu chenye waya, hizi ni habari njema na tunazipokea.

Hatari inayowashughulisha wataalamu zaidi ni moja, nayo ni kifafa. Mtu huyu anayetibiwa huzuni huweza kuanguka kitini. Katika shoti, mshtuko wa kifafa ndiyo tiba yenyewe, na hupangwa. Katika sumaku ni ajali. Ajali hiyo ni nadra, humpata mgonjwa chini ya mmoja kati ya 1,000, na aghalabu mshtuko hukoma wenyewe pale koili inapoondolewa. Kamati ya kimataifa ya wataalamu wa fani hii iliyatazama upya mambo haya mwaka 2021, na ikathibitisha kwamba hatari ni ndogo sana pale taratibu zinapofuatwa.

Hapo kwenye "pale taratibu zinapofuatwa" ndipo tunapotaka kukaa.

Hesabu hiyo ya mmoja kati ya 1,000 imepatikana vipi? Imepatikana kwa watu waliochujwa. Kabla mtu hajakalishwa kitini aliulizwa: umewahi kuanguka kifafa? Kuna mtu wa damu yako mwenye kifafa? Umewahi kuumia kichwa ukapoteza fahamu? Una chuma chochote kichwani, klipu ya mshipa wa damu, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio, kipande cha risasi? Una betri ya moyo? Unatumia dawa gani? Unalala saa ngapi? Waliokuwa na kifafa, wengi wao waliambiwa warudi nyumbani. Kwa hiyo namba ile nzuri ni namba ya watu waliosema kweli. Mwenye kuificha kweli hayumo ndani yake, na hakuna anayeweza kumwambia hatari yake ni ngapi.

Na kuna jambo la mahali. Karatu, kabla ya kuwa wilaya katika miaka ya 1990, ilikuwa sehemu ya Mbulu, na nchi hiyo ya Mbulu inajulikana na watafiti wa kifafa. Katika Hospitali ya Haydom, iliyoko Mbulu, wagonjwa wa kifafa zaidi ya 200 walipigwa picha za kichwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Takribani mmoja kati ya sita alikutwa na alama za mabuu ya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo.

Tunajua msomaji wetu atasema: alhamdulillah, hilo halituhusu, sisi hatuli nguruwe. Ndugu yetu, tafadhali usiufunge ukurasa. Anayekula nyama ya nguruwe yenye mabuu, isiyoiva vizuri, hupata tegu tumboni, na tegu huyo humkalia utumboni bila kumsumbua sana. Mayai ya tegu hutoka na choo chake. Mtu mwingine anapoyameza mayai hayo, kwa maji ya kisima, kwa mboga isiyooshwa, au kwa mikono ya mpishi asiyenawa, yeye hapati tegu tumboni. Anapata mabuu yanayosafiri kwa damu, na baadhi hukwama ubongoni. Huyu wa pili hakuhitaji kuionja nyama hiyo hata mara moja. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani waliandika habari za watu wanne wa jamii ya Wayahudi washika dini wa mjini New York, ambao nao hawali nguruwe, waliokutwa na mabuu hayo vichwani. Uchunguzi uliwaelekeza kwa wafanyakazi wa nyumbani waliokuwa na tegu bila kujijua. Kwa hiyo twahara yetu ya chakula, ambayo tunajivunia kwa haki, hailindi kisima kinachochangiwa na kijiji kizima. Kinacholinda ni choo, maji yaliyochemshwa na mikono iliyooshwa.

Hatusemi kwamba binti wa Mang'ola ana mabuu kichwani. Hatujui, na hakuna ajuaye kabla ya kipimo. Tunachosema ni kwamba mashine iliyothibitishwa usalama wake kwa watu waliochujwa Toronto haiwezi kuletwa kwa watu wa nchi ya Mbulu na Karatu kwa karatasi ileile ya maswali, ikaachwa hapo. Pamoja na mabuu kuna malaria ya utotoni iliyopanda kichwani, kuna homa ya uti wa mgongo, kuna uzazi wa shida ambapo mtoto alichelewa kulia, na siku hizi kuna bodaboda. Vijana wangapi wa Karatu wameanguka na pikipiki bila kofia, wakazimia, wakaamka, wakaendelea na safari? Kila kimoja kati ya hivyo huweza kuacha kovu dogo kwenye ubongo, na kovu hilo ndilo mlango wa kifafa.

Zipo pia dawa. Amitriptilini, ambayo ni miongoni mwa dawa za sonona zinazopatikana kirahisi katika vituo vyetu, huushusha kidogo ukuta unaozuia kifafa. Tramadoli, ambayo vijana wengine huitumia kwa njia isiyo halali ili wasichoke, huushusha zaidi. Meflokwini ya malaria nayo imo. Hakuna aliyesema mtu aache dawa zake ili atibiwe kwa sumaku. Kuziacha ghafla kuna madhara yake. Lakini zitajwe zote, hata ile iliyonunuliwa kwa siri.

Turudi kwa shangazi. Hatumlaumu, na tunaomba wasomaji wasimlaumu. Mwanamke huyu amewaona mabinti waliojulikana kuwa na kifafa wakikosa posa, wakila kwenye sahani ya peke yao, wakiogopwa hata povu lao kana kwamba linaambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kugusana. Alichokifanya shangazi ni kumkinga mtoto wa kaka yake kwa kinga aliyoijua. Balaa ni kwamba kinga iliyomfaa mbele ya wachumba ingemdhuru mbele ya mashine. Tulimwambia hivyo kwa adabu, naye akatujibu kwa swali ambalo tulikosa la kusema kwa kitambo: "Na ninyi mkiandika gazetini, mumewe atajua?" Tulimwahidi kwamba hatutaandika jina, wala kitongoji, wala lolote la kumtambulisha, na hatukuandika. Siri ya mgonjwa mbele ya daktari nayo ni amana. Daktari anayeulizwa na mume, au na imamu, au na sisi waandishi, hana ruhusa ya kuitoa bila ridhaa ya mwenyewe. Familia nyingi hazilijui hilo, na madaktari wetu wangefanya vyema kulitamka kwa sauti kabla ya kuuliza swali la kwanza.

Ama kuhusu dini. Baba aliuliza kama inaruhusiwa, na swali hilo tuliliheshimu. Mtume (S.A.W) alihimiza kutafuta tiba, na wanavyuoni hawakuifunga tiba katika namna moja. Sumaku haina najisi, hailewi, haimwondolei mtu akili yake. Zaidi ya hayo, huzuni inayogeuka maradhi si jambo geni katika elimu ya Waislamu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyezaliwa mnamo mwaka 850 na kufariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya masilahi ya mwili na ya nafsi, na humo alizitenganisha huzuni mbili: ile yenye sababu inayojulikana, kama msiba au mali iliyopotea, na ile isiyo na sababu inayojulikana, ambayo asili yake aliiona katika mwili, na kwa hiyo akaielekeza kwenye tiba ya mwili. Visomo na dua tunaviunga mkono, na mgonjwa wa Mang'ola amesomewa na ataendelea kusomewa. Tunachokikataa ni wale wanaomfunga kamba mgonjwa na kumpiga wakidai wanampiga jini. Hao tumewaona kwa macho yetu, si Karatu peke yake, na tunasema wazi kwamba wanadhulumu.

Mafunzo ya al-Balkhi yalitujia tena tulipopanda barabara kutoka Karatu hadi lango la Lodoare na kuingia Ngorongoro. Huko tulizungumza na wafugaji ambao jamaa zao wamehamia Msomera, wilayani Handeni, katika uhamaji ulioanza mwaka 2022. Mama mmoja alisema tangu dada yake aondoke hana wa kumsikiliza, na usingizi umemkimbia. Huzuni hiyo ina sababu na anwani. Kumkimbizia mtu kama huyo mashine kungekuwa sawa na kumpa miwani aliyepoteza njia usiku. Lakini huzuni yenye sababu nayo huweza kukaa mpaka ikamea mizizi yake yenyewe, kama ilivyomtokea binti wa vitunguu, na hapo hata sababu ikiondoka maradhi hubaki. Kuzitofautisha ni kazi ya mtu aliyefunzwa, si ya jirani, na kwa unyenyekevu tuseme, si ya gazeti.

Yapo maswali madogo ya wanawake wetu ambayo hayakosi umuhimu. Koili huwekwa kichwani, basi hijabu itakuwaje? Pini za hijabu, vibanio vya nywele na hereni lazima vitolewe, kwani ni chuma. Ushungi mzito huiweka koili mbali na kichwa, na sumaku hupungua nguvu haraka kadiri inavyokuwa mbali, kwa hiyo dozi iliyopimwa huharibika. Mgonjwa ana haki ya kuomba mhudumu mwanamke na chumba cha faragha, na aombe mapema, siku ya kuandikishwa. Ramadhani nayo ina hesabu yake. Katika kikao hakuna kinachoingia kinywani wala sindanoni, na swali la funga mgonjwa alipeleke kwa mwanachuoni wake. Lakini jambo linalomhusu daktari ni usingizi. Mtu anayekesha kwa tarawehe na tahajudi, akaamka daku, kisha akaenda kukaa chini ya koili akiwa amelala saa tatu, ameiongeza hatari ya kifafa kwa mkono wake. Aidha alale mchana kabla ya kikao au asogeze ratiba ya tiba.

Kuna kifaa kingine ambacho watu hukichanganya na mashine hii. Ni kifaa kidogo kinachopitisha mkondo hafifu wa umeme, kwa kawaida usiozidi miliampia mbili, kupitia sifongo mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi na kufungwa kichwani. Umeme wake ni mdogo hivi kwamba betri ya kawaida huutosheleza, na hapo ndipo mtihani ulipo, kwa kuwa kinauzwa hadi kwenye simu, na wapo wanaokitengeneza wenyewe. Kinapotumiwa na wataalamu, madhara yake ni muwasho, ngozi kuwa nyekundu na kichwa kuuma kidogo. Sifongo ikikauka huunguza ngozi. Ushahidi wa faida yake kwa sonona ni mdogo kuliko ule wa sumaku: utafiti wa Brazil uliochapishwa mwaka 2017 haukuweza kuonyesha kwamba unalingana na kidonge cha kawaida cha sonona. Fundi wa redio wa Karatu, mtu mkunjufu sana, alitwambia angeweza kuunda kimoja kwa mchana mmoja. Tunaamini angeweza. Tulimsihi asifanye hivyo.

Na je, binti alihitaji sumaku? Hili ndilo lililotusikitisha na kutupa matumaini kwa pamoja. Alikuwa amepewa vidonge vya sonona katika kituo kimoja, akavimeza majuma mawili, hakuona tofauti, akaviacha. Hakuna aliyemwambia kwamba vidonge hivyo huhitaji majuma manne hadi sita kabla ya kuhukumiwa. Mashine ya sumaku kwa kawaida huwekewa mtu aliyejaribu dawa ipasavyo zikamshinda. Yeye alikuwa bado hajazijaribu. Familia ilikuwa tayari kuuza mavuno ya msimu mzima na kuvuka mpaka, kwa kuwa mashine hizi katika Afrika Mashariki zingali chache na ziko katika miji mikubwa, ilhali hatua ya kwanza ilikuwa haijakamilika mlangoni pao.

Hatua hiyo ya kwanza haihitaji umeme. Mwaka 2002 katika wilaya za Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, vijiji 30 vilihusika katika utafiti ambapo wagonjwa wa sonona wa baadhi ya vijiji walikutana kila juma, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, wakizungumza juu ya misiba, magomvi na mabadiliko ya maisha wakiongozwa na mtu aliyepewa mafunzo mafupi. Baada ya majuma 16, waliobaki na sonona katika vikundi hivyo walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyopata huduma hiyo walikuwa karibu asilimia 55. Tulipoisoma habari hiyo tulifikiri juu ya darsa za akina mama katika misikiti yetu, ambazo tayari zina siku, mkeka na birika la chai.

Kwa upande wa kifafa, Karatu haiko gizani. Hospitali ya FAME, iliyoanza kupokea wagonjwa mjini hapo mwaka 2008, imekuwa ikitembelewa kwa vipindi na madaktari wa mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, wanaowaona wagonjwa wa kifafa pamoja na waganga wa hapa nyumbani. Haydom iko ng'ambo ya Mbulu. Ndani ya Ngorongoro ipo Hospitali ya Endulen. Mtu mwenye kuanguka hana sababu ya kuanza safari yake Nairobi.

Kabla hatujaondoka Mang'ola, binti mwenyewe, ambaye kwa muda wote wa mazungumzo alikuwa amekaa mlangoni akiwa amejifunika kanga hadi puani, alituuliza swali lake. Hakuuliza kama atapona. Aliuliza: "Hiyo mashine itaniangusha mbele za watu?" Mama yake alimtazama shangazi, na shangazi akatazama chini.

Juma lililofuata walikwenda kliniki mjini Karatu, baba, mama na binti. Shangazi alibaki na watoto. Tabibu aliuliza maswali yake ya kawaida, na lilipofika lile la kifafa ni mama aliyejibu, akaeleza mara zote mbili, homa na kisima. Binti amerudishiwa dawa ya sonona, ya aina nyingine, na ameambiwa kwa kalenda siku ambayo ndipo itakapofaa kusema inafanya kazi au haifanyi. Ameandikiwa pia kipimo cha picha ya kichwa. Fedha za vitunguu ziko kwenye sanduku la mama, na mjomba wa Nairobi amepigiwa simu na kushukuriwa. Tulipozungumza na mzee kwa mara ya mwisho, juma la tano la vidonge lilikuwa limeanza. Alisema binti alikuwa ameomba apelekwe shambani asubuhi, akakaa chini ya mti kiasi cha saa moja akiwaangalia wanaomwagilia, kisha akaomba arudishwe nyumbani.